Chupa Iliyoitwa Mwanahawa

Wenzangu wakikaa kuhadithia mwaka uliowafanya wawe walivyo, hutaja mwaka wa unyago, au wa kuolewa, au ule wa kwanza kufika Dar es Salaam. Mimi mwaka wangu ulinikuta nina mvi. Nilikuwa na miaka sitini na moja, nimeshazika mume, nimeshaozesha, na nilidhani nimekwisha kuumbika, sina kilichobaki ila kufa vizuri. Mwaka ule ndio ulionionyesha mimi ni mtu wa namna gani. Nilichoonyeshwa sikukipenda, na mpaka leo sikipendi. Naandika kwenye daftari la mjukuu, kwa mkono ulioishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma anisamehe herufi. Majina lakini sikosei. Jina la mtu likiniingia halitoki, na hilo nalo ni adhabu, maana wapo ambao ningependa niwasahau.

Juzi nimerudi kutoka msibani, bara, kwenye vilima vya Wamatumbi, kumzika Damasi. Damasi alikuwa kaka yake Restituta, na Restituta ndiye aliyekuwa mpangaji wangu mwaka ule, miaka kumi na moja iliyopita. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimewekewa wali na samaki wa kukaanga, nikautazama ule wali ukapoa. Basi nikasema niandike. Yaliyotokea msibani nitayafikia. Kwanza niseme yaliyonipeleka kule na mzigo kifuani.

Alikuja mwezi wa kwanza, shule zikifunguliwa, akiwa na begi, godoro la kukunja, na sanduku la mbao alilolikumbatia kama mtoto mchanga. Hata mwenye bodaboda hakumruhusu aliguse. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Humo mna nini, mayai?" "Chupa, bibi. Mayai yana nafuu." Alikuwa mwalimu wa kemia hapa Kilwa Masoko, na huku akifundisha alikuwa anasomea shahada ya pili ya chuo kimoja cha Dar es Salaam. Maabara ya shule ilijaa wanafunzi kutwa nzima, naye alitaka mahali pa kuacha vitu vyake vikae. Nilimwonyesha chumba cha uani, kile chenye dirisha linaloangalia mpera, kuta zimepakwa chokaa, sakafu ya saruji iliyopasuka katikati. Akasimama katikati ya ule ufa, akageuka pande zote. "Ninachotafuta, bibi, ni mahali ambapo hakuna atakayezigusa." Nikamwambia, "Hapa nani aguse? Niko peke yangu na kuku." Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu, kwenye mlango ule ule ambao bado upo, na kila nikipita kufagia nayasikia.

Uani kwangu kuna kisima. Nani asiyejua visima vya mtaa wetu? Maji yake ni ya magadi, sabuni haitoi povu, na ukiyapikia chai mgeni anakuuliza kama umekosea mkebe wa sukari. Ya kunywa tunangoja ya bomba, au tunakinga ya mvua. Ya kisima ni ya kuoshea vyombo, kufulia na kumwagia ua. Restituta hakuyataka hata ya bomba. Alikuwa na yake, maji ya betri, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri, na alikuwa akiyanunua kwa Saidi Mpili karibu na stendi. "Haya ni maji matupu, bibi, hayana kitu ndani." Aliniambia. Sisemi hakuniambia. Nililisikia kama lile neno ambalo wasomi wanalisema na wewe unaitikia huku unachambua mchele.

Kazi yenyewe nilivyoielewa ni hii. Alikuwa na unga wa fedha, namaanisha fedha ya vikuku na pete, lakini ilikuwa imegeuzwa ikawa chembe nyeupe kama sukari, imekaa kwenye kichupa cheusi. Ukiutia majini unayeyuka, huoni kitu. Mimi nilimchumia majani ya mpera kabla jua halijayapiga, akayachemsha kwa yale maji ya betri, akayachuja, yakatoka kama chai nyepesi. Akadondosha ile chai kwenye maji ya fedha, matone, huku midomo ikihesabu. "Sasa tungoje." Tukangoja. Nilikuwa nabangua korosho, na kila korosho tatu nainua macho. Mara ya kwanza sikuona kitu. Halafu yakawa kama yamekamuliwa ndimu. Halafu samli. Halafu yakasimama kwenye rangi ya asali changa, yametulia, safi, hayana hata uchafu wa kulaza chini. Restituta alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na siku ile alionekana na miaka tisa.

"Fedha yenyewe iko wapi?" nikamuuliza. "Imo humo humo, bibi. Imejikusanya chembechembe. Chukua unywele wako mmoja, uchane kwa upana mara elfu. Kipande kimoja ndio chembe. Wenyewe wanaziita chembe nano." "Na mbona kikuku changu ni cheupe na haya ni ya njano?" Akafurahi nilivyouliza, akavuta kigoda. "Kikuku ni kikubwa, kinaurudisha mwanga wote ulivyokuja. Fedha ikiwa ndogo hivi inachagua. Inakula zambarau na buluu, inatuachia njano." Nikacheka, nikamwambia basi ina ulafi wa watu wa mjini. Akaziba dirisha kwa kanga yangu ili nione mwenyewe. Alikuwa na kikurunzi cha kuchezea chenye mwanga mwekundu, akakipitisha kwenye glasi ya maji matupu, nisione chochote majini, doa tu ukutani. Akakipitisha kwenye chupa ya njano, na mle ndani ukajichora mstari mwekundu, umenyooka kama uzi wa cherehani. "Unaona? Mwanga umekutana na watu njiani." Alikuwa pia na kiboksi cha makaratasi alichokitengeneza kwa kipande cha sidii, ukitazama ndani unaona upinde wa mvua. Akaiweka chupa mbele yake, na ule upinde ukabaki na nyekundu, chungwa, njano na kijani. Upande wa zambarau umeliwa, kama mkeka uliotafunwa na mbuzi.

Chupa alizipa herufi na namba, na mimi kitu kisicho na jina kinanipotea. Nikamwambia hii ya kwanza iitwe Mwanahawa, jina la somo yangu aliyenifunda. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaandika kweli, Mwanahawa, kwenye daftari lake pembeni ya namba. Zote kumi na mbili nikazipa majina ya wanawake. Mwanahawa akamfunga kwa karatasi nyeusi, akamhifadhi sandukuni, kwa sababu mwanga mwingi unawachosha.

Kwa nini alihangaika hivyo nilikuja kujua Damasi alipomtembelea na gunia la ming'oko, vile viazi vya porini. Kijana mrefu, mcheshi, alikuwa akiosha dhahabu mtoni huko bara, na wale waoshaji huikamata dhahabu kwa zebaki, wanaifinyanga kwa vidole, wanaichoma juu ya moto huku wameinama. Tulikaa jamvini, ming'oko imechemshwa, inatoa mvuke, na chai ya rangi. Damasi alikishika kikombe kwa mikono miwili, viwiko ameviegemeza magotini, na bado chai ikamwagika. "Dada, usinitazame hivyo," akasema, "mimi nacheza ngoma tu, ila wapigaji hamuwaoni." Tulicheka, na Restituta akatazama ukuta. Damasi alipoondoka ndipo Restituta akaniambia. Ile njano ya fedha, tone la maji yenye zebaki likiingia, inapauka mbele ya macho yako. Akiweza kuifanya ile njano itoke vile vile kila mara, atapata kipimo ambacho hata mama yake, asiyejua kusoma, anaweza kudondoshea maji akajua. "Watoto wa Damasi wanakunywa kisima cha kule bondeni, chini ya wanapooshea dhahabu, bibi. Nataka nikidondoshee." Muda wake chuoni ulikuwa unakwisha mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo jina lake linafutwa.

Sasa nifike kwangu. Jirani yangu Bi Tatu Mchopa, Mungu amrehemu, alikuwa na macho ya kuona doa lililo nyumba ya pili. Alikuja kuazima ungo, akachungulia chumba cha uani, akaziona chupa zimelazwa kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, zimekauka na vitone vyake. "Somo, huyu mwalimu wako ni msomi, sawa. Wewe mwenye nyumba nawe huoni? Chupa zina madoa kama macho ya kuku mgonjwa." Nikasema mwenyewe kaziosha. "Kaosha! Na vile vidole vyeusi? Kapaka piko vidole vitatu, bwana harusi kamkimbia katikati?" Ule unga wa fedha ulikuwa unamtia weusi usiotoka. Nilicheka, lakini neno liliniingia. Kwetu, binti wa watu akikaa nyumbani kwako, vyombo vyake ni vyako. Unaviosha na humwambii. Ukimwambia ni kama unadai shukurani, na yeye atajiona mzigo. Ndivyo nilivyofundwa, na ndivyo nilivyomlea kila aliyelala kwangu.

Kesho yake Restituta alipokwenda shule, nilizitoa zile chupa, nikazipeleka kisimani. Nilizisugua kwa makumbi ya nazi na majivu, nikazisuuza mara tatu kwa maji ya kisima, nikazipangusa, nikazirudisha kifudifudi, kila moja mahali pake, maana nilizijua kwa majina. Ziling'aa. Nilijisikia nimefanya la maana. Na tangu siku ile, kila alipoziosha yeye kwa maji yake ya betri akazilaza, mimi asubuhi naziosha tena. Miezi sita.

Ile njano haikurudi. Alipodondosha chai ya mpera, chupa zilitoka ukungu, kama maji ya kuoshea mchele, na ule ukungu ukikaa kwenye mwanga unageuka zambarau chafu, unalala chini kama mashudu. Kwenye kiboksi chake upinde wote ulififia sawasawa, hakuna kilichochaguliwa. Akabadilisha majani, nikamchumia ya mpera wa kwa Bi Tatu. Akabadilisha jiko, akaacha mkaa. Akabadilisha kitambaa cha kuchujia. Alikuwa akikaa kwenye kigoda anaitazama chupa kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejibu. Mimi nampelekea uji, naona zile chupa zake zimemwaibisha, nasema moyoni, maskini, na asubuhi naziosha vizuri zaidi.

Ikafika siku akaenda kwa Saidi Mpili. Nilikuwepo, nimetoka sokoni na kapu la dagaa. "Saidi, haya unayoniuzia ni maji ya bomba." "Mwalimu, wallahi, kidumu kinakuja kimefungwa, nakufungulia mbele ya macho yako." "Basi yamefungwa ya bomba." "Magari yanawaka, mwalimu! Betri utaidanganya?" Vijana wa stendi wakapiga mluzi, mmoja akasema kwa sauti, "Saidi Bomba!" Jina likamganda pale pale. Watoto walimwita hivyo, wateja walimwita hivyo, na alipokufa, juzi juzi tu, nilimsikia mtu makaburini anauliza, "Anayezikwa ni Saidi yupi?" akajibiwa, "Saidi Bomba." Alikuwa mtu mwaminifu. Sikumjua mwaminifu kumshinda.

Simu kwangu ilikuwa inashika mtandao dirishani tu, na lazima uiweke sauti ya nje. Kwa hiyo msimamizi wa Restituta wa chuoni, aliyekuwa akimwita Dokta Lwitiko, nilimsikia kama amekaa jikoni kwangu. "Restituta, kitu kilichotokea mara moja hakiitwi matokeo." "Nimeandika nilichokiona, Dokta." "Umekiona mara moja, miezi mitano hakijarudi. Mimi niseme nini? Kuna watu wanaona wanachotaka kuona. Na kuna wengine wanapika." "Sijapika, Dokta." "Halafu humu kwenye daftari, Mwanahawa ni nani?" "Ni chupa, Dokta." Yule bwana alicheka, hakucheka kwa ubaya, na hapo ndipo palipoumiza. Restituta alitoka dirishani, akaja akaketi karibu na jiko langu, akaanza kunimenyea vitunguu bila kuombwa. Alivimenya vyote. Vilikuwa vya wiki nzima.

Mwezi wa kumi ulikuwa umekatika nusu. Unga wa fedha ulibaki wa kupika mara moja tu, na kuagiza mwingine muda haukuwepo. Zilibaki siku kumi na saba. Alasiri moja tumekaa, yeye ametoa Mwanahawa sandukuni, amemwegemeza dirishani, bado rangi ya asali. Nikamuuliza, kwa kutafuta la kusema tu, "Kwani kitu hiki kinaharibiwa na nini?" "Vingi, bibi. Lakini adui mkubwa ni chumvi. Ngoja nikuonyeshe." Akamimina kidogo sana kwenye kifuniko cha soda, akachota kwenye mkebe wangu chembe za chumvi za kukaa kwenye kucha, akatia. Ile njano ikageuka kijivu mbele yangu, ikafa. "Chembe zinashikana, mwanga hauna tena cha kuchagua. Na ile fedha isiyotumika bado inakamatwa na chumvi, ndio inaleta ukungu." "Kama ule wa chupa zako?" "Kama ule ule. Ndiyo maana nilimshuku Saidi. Lakini nimeyachemsha maji yake mpaka yakakauka, hayana kitu. Sijui chumvi inaingia wapi, bibi. Sijui."

Mimi nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Nilitazama kile kitambaa cheupe na chupa zilizolala juu yake, ambazo asubuhi ile ile nilikuwa nimezisuuza kwa maji ya kisima, na kwenye makalio ya chupa ya pembeni, ile niliyoiita Siwema, niliona mstari mweupe mwembamba, kama unaobaki shingoni mwa mtu aliyekauka na maji ya pwani. Ningesema palepale. Maneno yenyewe ni manne: mwanangu, mimi ndiye niliyeosha. Nikasema, "Ngoja nikakuletee muhogo." Nikaenda jikoni, nikasimama. Nikajiambia kesho nitamwambia, nikishaipanga namna.

Asubuhi nilichuma majani, nikaingia chumbani nayo, nikamkuta ameshayeyusha unga wote wa mwisho na anaumimina. Chupa ya kwanza, ya pili. Nikasema, "Resti." Akasema, "Naam, bibi," bila kuinua macho, mkono umetulia. Na hapo hapo Bi Tatu akaingia bila hodi, ungo kichwani, "Somo, nimekurudishia! Leo mwalimu anapika nini, pilau?" Nami nikafunga mdomo. Naandika hivi kwa sababu nimekuwa nikijidanganya miaka kumi na moja kwamba sikupata nafasi. Nafasi niliipata. Nilimwogopa Bi Tatu. Niliogopa asikie kwamba mimi Zainabu, ninayejua kukirimu watu, ndiye niliyemharibia mtoto wa watu, na jioni mtaa mzima ujue. Nilisimama pale na majani ya mpera mkononi, nikamtazama akimimina chupa ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Bi Tatu alihadithia harusi ya mtu fulani, akaenda zake. Restituta akadondosha chai yake. Ukungu ulikuja taratibu, chupa moja baada ya nyingine, wanawake wangu wote. Alizitazama mpaka ya mwisho. Halafu akasema kwa sauti ndogo, wala hakulia, "Labda Dokta ana haki. Labda niliona nilichotaka kuona." "Na Mwanahawa je?" nikasema. "Huyo yupo pale." "Mmoja tu, bibi. Sijui hata mimi nilitia nini."

Siku ya tatu nilimpelekea kikuku changu cha fedha, cha mama yangu, nimekifunga kwenye leso. Nikamwambia akiyeyushe, atengeneze unga mwingine. Alikishika, akakigeuza, na zile ncha za vidole nyeusi. "Bibi, hiki kimechanganywa na shaba, hakitafaa. Hata kingefaa, nisingekiyeyusha. Huyu ni mama yako." Akanivisha mwenyewe, akanibusu mkono. Nilikuwa tayari kutoa fedha yote niliyokuwa nayo duniani, ila lile neno moja silitoi. Alipoondoka mwezi wa kumi na moja aliniachia Mwanahawa. "Nitunzie, bibi. Mimi nikimtazama nachanganyikiwa." Nilimweka kwenye sanduku la nguo, katikati ya kanga, na sikumfungua.

Juma lililopita Restituta alinipigia. "Bibi, Damasi ametutoka." Nikapanda basi, kisha bodaboda, saa tatu za vumbi, na Mwanahawa kwenye mkoba. Nilimkuta ameketi jikoni na wanawake, amenenepa, ana mvi mbili mbele. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Akaniambia kaka yake miaka ya mwisho alikuwa akilishwa kwa kijiko, maneno hayatoki sawa, anacheka peke yake. Mimi sijui kilichomuua. Hakuna aliyejua, na kisima kile cha bondeni hakijadondoshewa kitu mpaka leo. Nilipopita njiani niliwaona watoto wanachota. Nikamuuliza kama bado anafundisha kemia. "Niliacha, bibi. Nafundisha uraia, shule ya msingi. Kemia inataka mtu anayeamini macho yake."

Basi nikasema. Tulikuwa peke yetu nyuma ya jiko, tumemaliza chai, vikombe viko miguuni. Nilisema yote, tangu madoa ya Bi Tatu, makumbi, majivu, kisima, mpaka asubuhi ile na majani yangu mkononi. Alinisikiliza akitazama chini. "Chupa zote?" akauliza. "Zote." "Kila siku?" "Kila siku, ila Mwanahawa. Yeye alikuwa sandukuni." Uso ukamkunjamana, akasema, "Kumbe niliona kweli," akalirudia, "kumbe niliona kweli, bibi," na hapo ndipo alipolia, kilio ambacho nilikuwa nimekisubiri miaka yote na sikukiweza. Nilidhani kimetusafisha. Nikatoa Mwanahawa mkobani. Akamfungua karatasi nyeusi, akamwinua. Chini palikuwa na vumbi jeusi, na juu maji yasiyo na rangi. Akawasha taa ya simu, akaipitisha ubavuni, nasi sote wawili tukainama kutafuta ule mstari. Mwanga ulipita, ukatokea upande wa pili, kama haukukutana na mtu. "Wamezeeka," akasema. "Wamelala."

"Siku ile ya mkebe wa chumvi," akasema baadaye, "nilikuwa na siku kumi na saba." Nikasema, "Najua." "Na unga wa mara moja. Mara moja ilikuwa inatosha, bibi." Kwa ndani walikuwa wanaita watu waje kula. Mikono yangu haijui kukaa mbele ya vyombo vichafu, hasa msibani, basi nikainama nikaviokota vile vikombe viwili, nikatazama huku na huku yalipo maji. Restituta akaweka mkono juu ya wangu. Vidole vyake vilikuwa vimetakata zamani. Akavichukua vile vikombe mkononi mwangu, kimoja, halafu kingine, kwa adabu yote, kama anavyopokewa mzee.

"Acha, bibi," akasema. "Nitaosha mwenyewe."